Kipofu wa Jumamosi

"Vaa tuone," alisema Meneja, akamchomeka mdogo wake miwani myeusi usoni kabla hajajibu. Miwani yenyewe ilikuwa bado na kikaratasi cha bei kwenye kioo. Kisha akatoa fimbo nyeupe, ile ya kukunjwa, akaikunjua kwa mbwembwe katikati ya sebule, ikagonga kikombe cha mama yao na kumwaga chai mezani.

Komeo akaivua ile miwani. "Kaka, mimi naona."

"Unaona kwa jicho moja."

"Moja si linaona?"

"Mdogo wangu, watu hawachangii jicho moja." Meneja akavuta kiti, akakaa kama mtu anayeanza kufundisha. "Ukiwa na jicho moja, mtu anasema pole halafu anakwenda zake. Yakifa yote mawili, mtu anaingiza mkono mfukoni. Si mimi niliyeipanga dunia hivyo."

Huyo Meneja, tuseme ukweli, hakuwahi kusimamia kitu maishani mwake. Jina hilo alijipa mwenyewe siku mdogo wake aliposajiliwa na klabu kubwa, na tangu hapo kazi yake ikawa kubeba begi la njumu na kupokea simu kwa sauti nzito. Komeo ndiye aliyekuwa akicheza. Alikuwa kipa, na mashabiki walimpa jina hilo kwa kuwa akisimama langoni ndiyo limefungwa. Wenzake wa rika lake ndiyo kwanza walikuwa wakiitwa timu ya taifa pale njumu ya mshambuliaji ilipomwingia jicho la kushoto, kwenye mpira wa kona, na habari ya mpira ikaishia hapo. Klabu ikampelekea maua hospitalini. Daktari hapokei maua.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Jumamosi, wakati wa mapumziko ya mechi kubwa, Komeo angezungushwa uwanja mzima, miwani usoni na fimbo mkononi, mama yake amemshika mkono, na nyuma yao vijana wa klabu wakipitisha ndoo za michango. Mwenyekiti wa klabu alikuwa amekubali, tena kwa furaha. Gari la matangazo lilikuwa limeshakodiwa.

Komeo akageuza kichwa chote ili amwone mama yake, maana alikuwa amekaa upande wake wa kushoto, upande wa giza. "Mama, na wewe umekubali?"

Mama alikuwa akifuta chai mezani, na aliendelea kufuta hata palipokauka. "Mimi nimeambiwa nikushike mkono tu, baba. Mama kumshika mwanawe mkono ni dhambi?"

"Si kushika mkono, mama. Ni kuudanganya uwanja mzima."

"Na hao wa klabu waliokudanganya kwamba watakutibu, mbona hawakuona haya?"

Sauti ikatokea barazani, alikokuwa amekaa mkewe, msusi, kichwa cha mteja kimelala mapajani mwake. "Shemeji, na hizo ndoo nani atazihesabu?"

"Hayo ni mambo ya klabu, shemeji," alijibu Meneja.

"Ndiyo maana nauliza."

Meneja akakohoa. "Nusu inarudi klabuni. Kuna gharama za uwanja."

"Yaani mume wangu awe kipofu mzima, halafu alipwe nusu!"

Mteja akacheka mpaka nywele zikamvuta, akapiga yowe.

Kitu ambacho hakuna aliyekijua nyumbani mle, isipokuwa msusi, ni kwamba Komeo alikuwa ameshapata kazi.

Ili ulielewe jambo hili, lazima uijue sheria ya nyumba ile. Tangu siku ya usajili, mikono ya Komeo haikuwa yake. Ilikuwa mali ya familia nzima. Hakubeba ndoo, hakumenya kitu, hakusogeza hata kabati. Milango alifunguliwa, kucha alikatwa na mama yake mwenyewe. "Mikono hiyo ndiyo mlo wetu," mama alizoea kusema, na watu wakimsalimia kwa kumbana sana vidole aliwakemea. Sasa jicho lilikuwa limekwenda na mpira umekwenda nalo, lakini hakuna aliyekumbuka kuifungulia ile mikono. Komeo akigusa ndoo, mama anamnyang'anya. Jitu zima, lina kifua kama mlango wa ghala, linamiminiwa maji ya kunawa kama bibi harusi! Hasira zilimjaa mpaka kooni, na hakuwa na wa kumkasirikia, maana wote walikuwa wakimtendea wema.

Ndipo asubuhi moja akachukua begi lake la mazoezi, akaaga kwamba anakwenda kunyoosha viungo, akaenda kwenye jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa nyuma ya stendi. Fundi mkuu, mwanamume mwembamba mwenye penseli sikioni, akamtazama juu mpaka chini.

"Wewe si yule kipa? Unajua kubeba?"

"Sijawahi kubeba kitu."

"Angalau husemi uongo," alisema fundi, akampa beleshi.

Pale matofali hayakupanda ghorofani kwa ngazi. Mtu mmoja anasimama chini anarusha, mwingine anasimama juu kwenye mbao za jukwaa anadaka, anampa aliye nyuma yake, na nyuma yake, mpaka kwa mwashi. Mikononi wanajifunga vipande vya mpira wa tairi, la sivyo ngozi inabaki kwenye tofali. Komeo alipotazama mchezo ule, kitu kikamruka moyoni. Akaomba asimame pale juu. Wakamcheka. Chongo atadakaje?

Na kweli, miezi ya kwanza baada ya kuumia alikuwa akimimina chai pembeni ya kikombe, akinyoosha mkono kusalimia watu na kushika hewa. Jicho moja halijui kitu kiko mbali kiasi gani. Lakini Komeo aligundua kitu ambacho hakuambiwa na daktari: jicho lisilojua umbali linaweza kujua wakati. Mrushaji pale, jitu nene waliloliita Kibonge, alirusha kama mtu anayetwanga, hapunguzi wala haongezi. Basi Komeo hakulitazama tofali. Alitazama bega la Kibonge. Bega likishuka anavuta pumzi, na pumzi ikijaa anafunga mikono, na tofali limo.

Walianza kujaribu mchana, wenzao wakipumzika, kwa vipande vidogo na kwa urefu wa kiuno. Kibonge akafumba jicho moja kwa kiganja, akapiga kelele, "Ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho!" Siku ya pili wote wakala chakula chao jicho moja limefumbwa, wanagongana viwiko, sahani zinamwagika. Komeo akacheka mpaka akakaa chini. Hakuwa amecheka hivyo tangu aumie.

Fundi akampandisha. Asubuhi nzima mambo yakaenda vizuri, kisha tofali moja likamteleza Kibonge, likaja upande, mbali na jukwaa. Kibarua yeyote angeliacha lianguke, maana chini pamezungushiwa uzio na hakuna mtu anayepita. Komeo aliruka. Mwili wote, kushoto, ncha za vidole zimenyooka, na akalipata! Mbavu zikagonga mti wa jukwaa, nusu yake ikaning'inia nje, na kama si mwenzake wa nyuma kumdaka miguu, tungekuwa tunazungumza habari nyingine.

Walipomvuta ndani alikuwa anahema, tofali mkononi, uso umejaa tabasamu. Alidhani watampigia makofi.

"Kuna goli hapa?" Fundi alipanda ngazi akitetemeka kwa hasira. "Nakuuliza, nani amekuambia hapa kuna goli? Likikupita si lako! Tofali ni tofali, nalichoma lingine kesho. Wewe nitakuchoma wapi?" Akamrudisha chini kukoroga zege.

Jambo hilo lilimuuma kuliko unavyoweza kufikiri. Maisha yake yote, kilichompita kilihesabiwa juu ya jina lake, na Jumatatu magazeti yalimwuliza alikuwa wapi. Alikoroga zege kwa uchungu mpaka fundi alipomhurumia na kumpandisha tena. Na siku tofali lingine lilipokuja upande, Komeo akashika mti wa jukwaa kwa mikono yote miwili, akauma meno, akaliacha lipite. Likavunjika huko chini. Hakuna aliyezomea. Kibonge akarusha lingine, kazi ikaendelea, na Komeo akajisikia mwepesi hata akaogopa.

Ijumaa, gari la matangazo likapita nyuma ya stendi.

"Kesho! Kesho! Kesho!" spika ikanguruma. "Komeo wetu, shujaa wetu, macho yote mawili yamezimika! Njoo umwone kwa macho yako! Njoo umchangie!"

Wakati huo huo Komeo alikuwa ndiyo kwanza amedaka tofali, bado liko mikononi. Jengo zima likasimama, watu wote wakamtazama yeye.

"Ala!" Kibonge akaita kutoka chini. "Kumbe huoni? Basi mimi namrushia nani siku zote hizi?" Akacheka mpaka akashika kiuno. Wengine nao wakacheka, na Komeo akajaribu kucheka, lakini masikio yalikuwa yanamwaka moto.

Fundi hakucheka. Alimwita pembeni, karibu na rundo la mchanga.

"Mimi najua unaona," alisema. "Nimekutazama. Lakini kesho uwanja mzima ukishakuona na fimbo, Jumatatu nikikupandisha juu, ukianguka nitamjibu nini mwenye jengo? Nitamwambia nilimpandisha kipofu wa mji mzima kwenye jukwaa?"

"Sijasema nitakwenda."

"Sikukatazi. Kule kuna hela za mara moja, hapa kuna posho ya jasho. Ila huwezi kula kotekote. Ukienda kesho, Jumatatu usije."

Jioni ile Komeo hakunawa alipofika nyumbani. Aliingia sebuleni na vumbi lake jekundu, akakaa mbele ya mama na Meneja, akaweka viganja mezani.

Mama aliona malengelenge, mengine yamepasuka. Akapiga kelele kama ameona nyoka. "Nani kakufanya hivi?"

"Matofali, mama. Nafanya kazi kwenye jengo la nyuma ya stendi. Na kesho kuna kazi, kwa hiyo uwanjani siendi."

Meneja akasimama. "Matofali! Komeo anabeba matofali! Unajua watu watasema nini? Aliyeko juu mngoje chini, ndivyo watakavyosema!"

"Sibebi, nadaka. Na niko juu, ghorofa ya kwanza. Anayengoja chini ni Kibonge."

"Unafanya mzaha, na asubuhi ya leo mwenye nyumba amesimama mlangoni hapa, anaongea na mama bila hata kumwamkia!"

Hilo lilikuwa kweli. Mama akainamisha kichwa, akauliza taratibu, "Matofali yatalipa kodi, mwanangu?"

"Hayatalipa yote, mama. Yatalipa kidogo, halafu kidogo tena."

"Ndoo zingelipa kwa siku moja."

"Halafu Jumatatu?" Sauti ya Komeo ilipanda. "Nikishakuwa kipofu Jumamosi, Jumatatu nitakuwa nani? Nitakwenda dukani na fimbo. Nitapita njiani na fimbo. Nitakunywa chai kwa kupapasa, kwenye baraza langu mwenyewe, kwa sababu mteja wa mke wangu ananitazama! Kipofu wa Jumamosi inabidi awe kipofu wa kila siku, mama. Mpaka nife!"

Msusi alikuwa amesimama mlangoni, kitana kimekwama katika nywele zake mwenyewe.

"Mama," alisema, "ukipenda, chongo huita kengeza. Sisi humu ndani tuliita kengeza, kwa mapenzi. Leo kwa pesa tunaita chongo upofu. Mimi siwezi. Afadhali niwasuke watu mpaka vidole vigande."

"Wewe unasema hivyo kwa sababu si wewe uliyemwahidi Mwenyekiti!" Meneja alifoka. "Kesho anakuja kumchukua kwa gari. Popote alipo."

"Aje," alisema Komeo.

Mama aliinuka, akatoa gauni lake jema kabatini, akaanza kulipiga pasi. Komeo alimtazama akinyoosha ile kola, akaenda kunawa, moyo wake umevunjika vibaya.

Kesho yake saa za mchana gari likaja kweli pale jengoni, jeupe, limepambwa bendera za klabu. Akashuka Mwenyekiti, suti na viatu vinavyong'aa, akakanyaga mchanga kwa tahadhari. Akashuka Meneja, miwani na fimbo mkononi. Mama alibaki kiti cha nyuma na gauni lake la pasi.

"Komeo!" Mwenyekiti aliita huku akikinga jua kwa kiganja. "Shuka, kijana wangu. Uwanja umejaa mpaka kwenye nguzo za taa."

"Niko kazini, Mwenyekiti."

Mwenyekiti akacheka, akamgeukia fundi. "Bwana, wewe ndiye mkubwa hapa? Huyu haoni. Umempandisha huko ili umuue? Nikipiga simu moja tu, jengo hili litafungwa."

Fundi akatoa penseli sikioni, akairudisha, akaitoa tena. Kibonge alikuwa ameshika tofali kifuani, harushi. Komeo aliwaona wote wawili, akaona jinsi kazi yake ilivyokuwa inaponyoka, na woga ukamshika ambao hakuwahi kuwa nao mbele ya penalti yoyote.

"Mwenyekiti!" akapaza sauti. "Wewe unajua kwamba naona. Nilikuja ofisini kwako kwa miguu yangu, nikakaa kwenye benchi lile la nje, nikalisoma jina lako mlangoni. Nilikuja kuomba pesa za matibabu, hili jicho lilipokuwa bado linatibika. Ukasema una kikao."

"Hayo yamepita. Leo tunakusaidia. Ukikataa leo, usije tena kugonga mlango wa klabu."

"Niligonga, hamkufungua. Sigongi tena."

Vibarua wakaguna. Mwenyekiti uso ukamwiva. Akaenda kwenye gari, akafungua mlango wa nyuma. "Mama, mwambie mwanao. Wewe atakusikiliza."

Mama akashuka. Alitembea polepole mpaka kwenye uzio, akainua macho. Tangu mwanawe aumie alikuwa hajamwona akiwa amesimama hivyo, miguu imepanuka, magoti yamelegea, mikono mbele. Akamtazama kitambo. Kisha akamgeukia Kibonge.

"Wewe mwanangu, hebu mrushie nione."

Kibonge akamtazama fundi. Fundi akawatazama Mwenyekiti, mama, halafu Komeo kule juu. "Mrushie," alisema.

Tofali likapanda. Mama akafumba macho. Akasikia pap! na alipofumbua lilikuwa limeshapita kwa mtu wa nyuma.

"Lingine."

Likapanda lingine. Safari hii alifumba nusu.

"Lingine."

La tatu alilitazama tangu linatoka mikononi mwa Kibonge mpaka linaingia mikononi mwa mwanawe, mikono ile aliyoikata kucha na kuwakemea watu walioibana, na machozi yakawa yanamtoka bila yeye kuyafuta.

"Mama, muda unakwenda," Mwenyekiti alisema. "Mapumziko hayatungoji."

"Mwenyekiti," mama akajibu, "mimi niliahidi kumshika mkono kipofu. Hapa simwoni."

"Watu wamejaa uwanja mzima! Nitawaambia nini?"

"Waambie anaona. Kwani hiyo si habari njema?"

Vibarua wakalipuka kwa kicheko na miluzi. Mwenyekiti akarudi garini bila kuaga, mchanga umemjaa viatuni. Meneja akasimama katikati, mara amtazame mama, mara alitazame gari, kisha akaingia garini na miwani yake, mlango ukafungwa, wakaondoka. Vumbi likatua. Fundi akaweka penseli sikioni.

"Mama, sogea kidogo," alisema kwa adabu. "Hapo ni njia ya matofali."

Mama akasogea hatua mbili, asiende zaidi. Ndipo Komeo akainama kwenye mti wa jukwaa, akapaza sauti ikasikika mpaka stendi, sauti ile aliyokuwa akiwapangia mabeki.

"Nenda nyumbani, mama! Kodi bado tunadaiwa, na mimi niko kazini. Kibonge, rusha!"